Maandishi ya Kisima kwenye Gari la Baba

Harufu ya siki ikinipanda puani, sifikirii achari wala kachumbari. Nafikiria vioo vya gari. Wenzangu wa rika langu wakiinusa wanakumbuka chipsi za nje ya shule. Mimi nakumbuka uwanja wetu wa Muyeye, gari jeupe limeegeshwa ubavuni mwa kisima, na mimi nimelala juu ya boneti kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, nalia, nakataa lisioshwe.

Wiki iliyopita niliinusa tena. Baba ameamua kuliuza gari lile, baada ya miaka ambayo yeye mwenyewe hataki kuihesabu, na kwa kuwa niko nyumbani nikingoja kazi, akaniomba nimsafishie vioo kabla mnunuzi hajafika. Nimesoma kemia chuo kikuu. Baba hulitaja jambo hilo kila panapotokea doa mahali. "Wewe si ndiye mwenye elimu yake?" akaniambia, akaniachia beseni, akaenda zake kukung'uta mikeka ya gari. Nikatia siki kwenye kitambaa, nikakibandika kwenye kioo, na papo hapo nikawa na umri wa miaka sita na nusu.

Muyeye ya utoto wangu ilikuwa na maji ya aina mbili. Ya bomba yalikuja yalipopenda. Hayo tuliyaweka kwenye mitungi, tukayaita matamu. Na ya kisima, ambayo hayakuwa na kazi kinywani. Kisima chetu kilichimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, na maji yake yalikuwa na ukaidi. Ungesugua sabuni mpaka mkono uchoke, ukaambulia utando wa kijivu usio na povu. Birika likichemshiwa maji hayo kwa wiki moja lilivaa koti jeupe kwa ndani, na Nyanya alilibandua kwa ncha ya kijiko, vipande vikianguka kama maganda ya mayai. Mimi niliamini kwamba birika linazeeka, linaota mvi kama watu. Chuo kikuu nikaelezwa kwamba ile ni chokaa: maji yakipita kwenye jiwe la matumbawe huondoka na chembe zake, na maji yakikauka chembe hubaki. Mhadhiri aliandika ubaoni kwa herufi na namba, nami nikaona haya kidogo. Somo zima nilikuwa nimelioga tangu utotoni.

Baba alikuwa dereva wa watu. Aliendesha magari ya wenye maduka, ya wenye mashamba, gari la shule mara moja, na kila jioni alirudi kwa miguu. Kisha siku moja akarudi na gari lake. Lilikuwa limeshatumika na wengine kabla yetu, mlango mmoja uligoma kufunguka kwa ndani, lakini lilikuwa jeupe na lilikuwa letu. Mama alilizunguka akiwa ameshika ncha ya leso yake mdomoni. Nyanya, mamake Baba, ambaye tuliishi naye, hakulizunguka. Alilitazama kutoka kizingitini, akatazama na nyumba za majirani, dirisha moja baada ya jingine, kama anayehesabu macho.

Nyanya alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, na aliniita mke mwenzangu, ingawa huyo mume tuliyemgombea alikuwa ameshazikwa kabla mimi sijazaliwa. Kwake yeye kitu kipya hakikuachwa wazi. Mtoto akizaliwa, nyumba ikiezekwa, hata ng'ombe akinunuliwa, lazima kitafutiwe kinga. Na mwezi ule dereva mmoja wa mtaani alikuwa amepinduka na gari kwenye njia ya Kilifi, akarudi na mkono umefungwa shingoni. Basi Ijumaa asubuhi Nyanya akaenda kwa maalimu aliyetusomesha Kurani chuoni, akarudi na sahani nyeupe ameifunika kwa kawa.

Wenye kujua kombe wanajua. Kwa asiyejua, ni hivi: maalimu huandika aya kwenye sahani kwa zafarani iliyoloweshwa marashi, kwa kalamu ya mti, kisha sahani hutiwa maji, yale maandishi yakayeyuka, na mgonjwa akanywa. Mimi nilikuwa nimelinywa mara mbili kwa homa. Lakini sikuwahi kuliona likifutwa, kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Siku ile nilichutama karibu na Nyanya pale kisimani. Aliinua ndoo, akamimina maji taratibu, akaizungusha sahani kwa mikono miwili. Mistari ikalegea, ikavutika kama nyuzi, ikaachana. Maji yakawa ya manjano, sahani ikawa nyeupe.

"Nyanya, maandishi yamekwenda wapi?"

"Yamo ndani ya maji."

Jibu hilo lilinitosha kabisa, na matatizo yote yalianzia hapo.

Alichanganya yale maji kwenye ndoo ya maji ya kisima, akachovya kitambaa kipya, akapangusa vioo. Vioo tu. Mama alipouliza kwa nini si gari zima, akaambiwa kwamba jicho la mtu hupita kwenye kioo, halipiti kwenye bati. Na tairi hata zisikaribiwe, tairi zinakanyaga kila uchafu. Mjomba, kakake Mama, alikuwepo, akasema kwa sauti ya chini kwamba hajui hata kama jambo hili lina asili katika dini. Nyanya akamwambia, "Basi wewe panda basi," na mjadala ukaisha. Baba alikuwa ameshakwenda msikitini. Gari likabaki juani, mchana wa Ijumaa, vioo vinatiririka.

Baada ya chakula nilitoka nje peke yangu. Vioo vilikuwa vimekauka, na maandishi yalikuwa yamerudi.

Sikushangaa. Ningeshangaa kama yasingerudi. Yaliingia ndani ya maji, maji yamekwenda zake, yangekwenda wapi tena? Yalikuwa meupe sasa, si ya manjano, lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Kwenye mlango wa mbele kulikuwa na alifu ndefu, iliyonyooka, ambapo tone lilikuwa limeteremka hadi chini. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na vitone vingi visivyo na herufi zake, vimekaa viwiliwili na vitatuvitatu, vinangoja. Na kwenye kile kioo kidogo cha pembetatu, nyuma kabisa ya mlango wa nyuma, kulikuwa na nuni. Nilikuwa nimetoka kufundishwa nuni wiki ile ile: bakuli lililo wazi juu, na nukta moja katikati yake. Maalimu alikuwa amenipiga kiboko kidogo kwa sababu nukta yangu ilianguka nje ya bakuli. Hii ya gari ilikuwa imekaa mahali pake, nzuri kuliko yangu.

Sikumwambia mtu. Nilihisi kwamba kinga ikitangazwa hupungua nguvu. Ila chuoni tulikuwa tumeambiwa maandishi yale hayashikwi bila udhu, kwa hiyo nikawa natia udhu kila nilipotaka kupanda gari. Mama alifurahi sana. Alimwambia jirani yetu, Mama Kadzo, kwamba mtoto wake ameanza kushika dini mapema. Kumbe natia udhu nipande gari nikanunuliwe peremende dukani.

Baba alikuwa akiliosha gari kila asubuhi kwa maji ya kisima na kuliacha likaushwe na jua, na kila asubuhi maandishi yaliongezeka. Nilifuatilia kama mtu anayesoma barua inayoandikwa mbele yake. Herufi zilibebana, duara zikaingia ndani ya duara nyingine. Nilipoteza uwezo wa kuzisoma, lakini hata Kurani ya Nyanya sikuweza kuisoma, na haikunizuia kujua ni nini. Kisha siku moja nazi ikaanguka kutoka mnazi wa jirani. Ilianguka kwa kishindo kilichotutoa sote nje, ikazama mchangani hatua moja tu kutoka kwenye taa ya mbele. Baba alicheka akasema ni bahati. Mimi nilitazama kioo.

Leo, nikiwa mtu wa kuuliza kila kitu mpaka Mama ananiomba nipumzike, naweza kuwaambia kwamba nazi huanguka kila siku na mara nyingi huanguka pasipo na gari. Hilo nalijua. Lakini nataka niseme kweli: sijawahi tena kuwa na ushahidi ulionitosheleza kama ule.

Watu wazima waliona kitu kingine. Mama Kadzo, aliyekaanga mahamri mbele ya nyumba yake na hivyo kuwa shahidi wa kila kilichotupata, aliyapa madoa yale meupe jina. "Baba Mwana," alimwambia Baba kila asubuhi, "hilo gari lako lina ukurutu. Lipake mafuta ya nazi." Mwanzoni Baba alicheka. Wiki ya tatu alijibu kwa kikohozi.

Ndipo ilipokuja habari ya hoteli. Hoteli moja ya ufukweni ilitaka gari la kuchukua wageni kutoka uwanja wa ndege na kuwarudisha, kazi ya kila siku, ya uhakika. Baba alipeleka gari likaguliwe. Alirudi, akakaa mkekani, akatusimulia bila kugusa chakula. Msimamizi wa magari alisikiliza injini, akaridhika. Akakaa viti vyote, akaridhika. Hata ule mlango mgumu aliusamehe. Kisha akaingia nyuma, akatazama nje, akashuka. Akamwambia Baba kwamba mgeni amepanda ndege usiku kucha aje kuiona bahari, na bahari hiyo hawezi kumwonyesha kwenye ukungu. Vioo vikiwa safi Jumatatu asubuhi, kazi ni yake. Visipokuwa, yuko mwingine anayengoja na gari lake liko barabarani.

Ilikuwa Ijumaa tena. Baba alikuwa na siku mbili.

Jumamosi yote aliipoteza kwenye vioo. Alianza na sabuni ya unga. Akaja na dawa ya meno, aliyoipaka kwa kidole mpaka gari likanuka kama mdomo wa mtu anayekwenda shule. Akajaribu mafuta ya taa. Akakunja gazeti, akalilowesha, akasugua huku misuli ya shingo imemtoka. Baada ya kila jaribio aliisuuza kazi yake kwa ndoo nzima ya maji ya kisima, akasimama kando kungoja jua limwonyeshe. Jua lilimwonyesha. Leo ningemwambia, Baba, unaosha chokaa kwa chokaa. Siku ile nilikaa kizingitini nikifurahi kimya kimya jinsi maandishi yalivyomshinda. Niliona yana nguvu kuliko nilivyodhani.

Furaha hiyo ikaisha alasiri, Nyanya aliponyanyua sinia lake la shaba alilokuwa ameanikia pilipili juani. "Mbona mimi hamniulizi?" akasema. "Hili sinia nalisafisha na nini? Birika nalisafisha na nini, kijiko kikishindwa? Mbirimbi. Kesho nitawachumia mbirimbi, muone kama kutabaki kitu."

Nilijua mbirimbi, tunda lile la kijani lenye ukali kuliko ndimu. Nilikuwa nimeona sinia jeusi kama sufuria likipakwa mbirimbi iliyopondwa na kutoka ng'aring'ari. Nilijua pia, kwa hesabu yangu, kwamba Baba ataendesha gari lisilo na neno hata moja juu yake, kwenda na kurudi, kila siku, kwenye barabara ile iliyomvunja mwenzake mkono. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Mama angeniambia nisiseme maneno ya kifo nyumbani.

Mbirimbi ni mti wenye huruma kwa watoto. Huzaa kwenye shina lenyewe, vishada vimeng'ang'ania gome, hata asiyejua kupanda anafika. Jumapili, watu wazima wakiwa kwenye chai, nilimchukua binamu yangu Salma tukauvua ule mti mpaka ukabaki uchi. Tulizitia mbirimbi kwenye leso, tukaenda nazo nyuma ya nyumba ya Mama Kadzo, na nikawaita watoto wote wa mtaa. Nilitoa chumvi na pilipili. Sijawahi kuwa mkarimu vile tena. Walikula wakakunja nyuso, wakatema, wakarudia, mpaka meno yakafa ganzi na Salma akasema hasikii ulimi wake. Zilizobaki tuliwalazimisha wadogo.

Nyanya alifika mtini na kapu lake akakuta shina tupu. Hakupiga kelele. Alinitafuta, akanishika kidevu, akaitazama midomo yangu iliyokauka chumvi.

"Mke mwenzangu," akasema, "umekula mti mzima?"

Nikasema ndiyo. Akanitazama kama anayesoma. Kisha akamwita mtoto wa jirani aje na upembo, wakaangua zile za juu, ambazo hatukuzifikia. Zilipatikana kama kumi. Akaziongezea ndimu, akaziponda kinuni kwa chumvi kidogo, na baada ya sala ya alasiri akamkabidhi Baba bakuli na kitambaa.

Ndipo nilipopanda boneti. Nilijitandaza kwenye kioo cha mbele, mikono huku na huku, shavu kwenye waipa. Boneti lilikuwa bado na moto wa jua.

"Shuka, mwanangu, utaungua," alisema Baba.

"Usiyafute."

"Nisifute nini?"

"Maandishi. Ukiyafuta utakufa."

Nakumbuka mafuta ya Mama Kadzo yakichemka ng'ambo, kwa sababu ndiyo sauti pekee iliyobaki. Kisha nikamwaga yote, kwa kwikwi: sahani, maji, alifu, nazi, udhu. Mama aliweka mkono mdomoni. Sikujua kama anazuia kicheko au nini. Baba alisimama na kitambaa kinachodondoka, ndimu ikimchuruzika hadi kiwikoni, uso wake ukiwa kama wa mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua. Alikuwa na usiku mmoja kabla ya Jumatatu. Alikuwa na haki ya kuninyanyua kwa kwapa na kuniweka chini. Hakufanya hivyo, na mpaka leo namhesabia.

Nyanya aliweka mchi chini, akaja, akanipangusa kamasi kwa ncha ya leso.

"Nisomee," akasema.

Nikashuka. Nikamshika mkono, nikamzungusha gari zima. Nilimwonyesha alifu. Nilimwonyesha vitone vinavyongoja herufi. Aliinama kwenye kila kioo, uso karibu kabisa, maana macho yake yalikuwa yamechoka, na kila nilipotaja herufi alisema "Enhe," kama maalimu anayesikiliza mtoto asikosee. Tulipofika kwenye kioo cha pembetatu nikamwonyesha nuni. Alikaa pale zaidi. Akasema, "Na nukta iko ndani."

"Iko ndani," nikasema.

"Umesoma vizuri. Sasa niambie. Maalimu aliandika kwenye sahani. Kisha mimi nikafanya nini?"

"Ukatia maji."

"Maandishi yakawaje?"

"Yakafutika."

"Na wewe ulipokuwa na homa ulinywa maji, au ulilamba sahani?"

"Nilikunywa maji."

"Basi. Kombe huandikwa lifutwe. Lisipofutwa ni sahani chafu tu." Akanipa kitambaa. "Hili la gari linangoja mtu wa kulifuta. Baba yako mikono yake mikubwa, atalikosea adabu. Lifute wewe."

Nililifuta mimi. Nilianza na alifu ya mlango wa mbele, nikaibandikia kitambaa chenye mbirimbi, nikahesabu mpaka hamsini kama nilivyoambiwa, na nikaweka sikio. Nilisikia mchemko mdogo sana, kama kitu kinanong'ona kinapoondoka. Au nafikiri nilisikia. Asidi ikikutana na chokaa hutoa viputo, lakini kwa doa jembamba vile sidhani kama sikio la mtu linaweza kupata kitu. Nilipoinua kitambaa, kioo kilikuwa kimetoweka. Ndivyo ilivyoonekana. Palikuwa na uwazi tu, na upande wa pili Baba ameinama, ananitazama.

Mama alitoa mtungi mzima wa maji matamu, maji ya kunywa ya siku mbili, tukasuuzia, na Nyanya akaamuru kila kioo kikaushwe kwa leso papo hapo, kisiachiwe jua hata kidogo. Kitambaa kilikamuliwa ndani ya beseni. Nilipotaka kuyamwaga yale maji mlangoni nilizuiwa. Maji ya namna hiyo hayamwagwi njiani ambako watu watayakanyaga. Tukayapeleka, mimi na Nyanya, beseni katikati yetu, mpaka kwenye shina la mbirimbi niliouvua uchi asubuhi, tukayamwaga upande wa ukutani ambako hapiti mtu.

Tuliporudi kulikuwa kumebaki kile kioo kidogo tu. Baba akasema nimechoka, hicho atakimaliza yeye.

Jumatatu alirudi saa nne akiwa amewasha taa mchana kweupe, anapiga honi tangu barabarani. Mama Kadzo aliacha mahamri yaungue. Miaka mingi tuliishi kwa kazi ile. Karo yangu ilipita ndani ya gari lile, pamoja na wageni na mchanga wao. Wiki hiyo hiyo Baba alinunua stika ya maneno ya Mashaallah akaibandika kwenye kioo cha pembetatu, kwa nje. Nilidhani ni furaha.

Nilipofika umri wa kubishana, kama miaka kumi na sita, nilimrudia Nyanya. Nilitaka kujua kama maneno yale aliyasikia kwa mtu au aliyatunga pale pale. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa. "Nilikuwa na mbirimbi kumi," akasema, "mtoto analia, na mwanangu anangojwa kazini. Ulitaka nikafungue kitabu?" Nilifurahi sana. Nilijiona nimemkamata. Nilikuwa nimeshaingia chuo kikuu na yeye ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, ndipo siku moja nikagundua kwamba hakunijibu.

Sasa wiki iliyopita. Siki ilifanya kazi yake, ingawa harufu yake haina ule ukali mzuri wa mbirimbi. Nilimaliza vioo vikubwa nikafika kwenye stika. Ilikuwa imepauka, ncha zimekunjamana, haisomeki, nikaona haifai kumwachia mtu gari na karatasi iliyokufa. Nikailowesha kwa maji matupu, nikaibandua kwa kucha, kidogo kidogo. Chini yake, kwenye kioo ambacho hakikuguswa na jua wala maji tangu wakati ule, palikuwa na bakuli jeupe lililo wazi juu, na nukta moja ndani yake.

Nilikaa chini kwenye mchanga.

"Baba," nikaita. "Hiki kioo hukukimaliza."

Alikuja na mkeka mkononi, akatazama, akarudi kuukung'uta. "Mbirimbi zilikwisha," akasema. "Si mlizila nyinyi?"

"Ndimu zilikuwepo."

Akaukung'uta mkeka kwa nguvu, vumbi likatufunika wote wawili. "Wewe mtoto huchoki kuuliza," akasema.

Mnunuzi alifika baada ya alasiri. Kijana wa Takaungu, mpole, anataka gari la kusambazia mikate. Alitoa shikamoo kwa Baba, akafungua boneti, akasikiliza, akakaa viti vyote. Mlango mgumu aliugundua mwenyewe akacheka. Kisha akazunguka nyuma, akasimama kwenye kioo cha pembetatu, akapitisha kidole.

"Na hili doa, dada?"

Baba aligeuka akanitazama. Chupa ya siki ilikuwa mkononi mwangu, imebaki nusu. Kazi ya dakika moja, kwa mtu mwenye elimu yake.

"Hilo linakwenda na gari," nikamwambia. "Siku utakapotaka kulifuta, tumia mbirimbi."

"Mbirimbi?"

"Mbirimbi. Na yale maji usiyamwage njiani."